Manjano ya Hitima ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Mauwa alifagia uwanja wao pale Kiwalani, kisha akateka maji na kuosha vyombo. Jumamosi hii kazi iliongezeka. Mchana kulikuwa na hitima ya bibi yake, marehemu Bi Somoe, msusi wa mikeka. Mama akamkabidhi manjano makavu na kinu.

“Yatwange mpaka yawe unga laini. Bibi yako alipenda sana wali wa manjano, nataka wageni wale kama yeye.”

Mauwa alitwanga huku akipiga soga na jirani yake Sekela. Mara kinu kikapinduka, unga wote ukamwagikia kwenye maji machafu ya vyombo. Mama hakuwa amemaliza kulia tangu msiba, angemwambiaje? Alipoingia ndani akaona kopo la bibi la rangi ya kutilia ukili, yale majani ya kusukia mikeka. Njano ni njano tu, alijisemea, akachota na kumpelekea mama.

Mama alinusa. “Mbona hayanukii?”

“Yamekaa sana, mama,” Mauwa alidanganya.

Wali ukaiva, ukang'aa kupita kiasi. Baada ya dua wageni walikaa kwenye mkeka mkubwa aliousuka bibi mwenyewe, sinia likawekwa katikati. Shaweji, mdogo wake Mauwa, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Ndipo Mauwa alipouona ule mstari wa njano wa mkeka. Ulikuwa rangi moja na wali. Akamkumbuka bibi akisugua vidole kwa majivu baada ya kazi, na alivyokataza sufuria ya rangi isichemshiwe hata maji ya chai.

“Shaweji, usile!” Alimshika mkono kwa nguvu. “Jamani, msile! Mama, nimekudanganya. Manjano niliyamwaga, nikakupa rangi ya ukili.”

Mama alinyanyua sinia, wali wote ukaenda kufukiwa. Ukapikwa mwingine, mweupe, na wageni wakala alasiri. Mauwa aliona aibu hata ya kunywa maji mbele yao.

Jioni mama alimketisha mkekani.

“Mchele ule tulichangiwa na majirani, Mauwa. Imeniuma. Lakini rangi hii ni ya kukalia, mwanangu, si ya kula. Ungenyamaza, leo ningekuwa hospitalini na Shaweji. Ukiharibu kitu njoo uniambie, hata ukinikuta nalia. Nitagomba, halafu tutatafuta njia. Ukinificha, njia nitaionea wapi?”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Umesema kabla hajala, na hilo sitalisahau.”

Kisha akamwekea kinu mbele, na manjano aliyoyaleta mama yake Sekela. “Twanga. Kesho nitampikia mdogo wako wali alioukosa.”

Mauwa akatwanga kimya kimya. Safari hii harufu ilijaa uwanja mzima, ileile ya jikoni kwa bibi, na mama akajifuta macho kwa ncha ya khanga.