Funda la Kwanza

Saa kumi na moja na nusu jioni nilitoka nyumbani kwetu, mtaa wa Kikula, na kikapu kitupu, kwenda kuomba mizizi kwa mama Berthe. Couvre-feu, amri ya kutotoka nje, ilianza saa kumi na mbili. Nyumba yake haikuwa mbali, lakini nilikwenda najikokota, kwa sababu kumwomba mama Berthe kitu ilikuwa kama kumeza mwiba.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge. Majandarma, askari wa Katanga, walikuwa wamefunga njia za porini, na aliyekwenda kuchimba mizizi alirudishwa kwa kitako cha bunduki. Bila mizizi hakuna munkoyo. Na bila munkoyo, mimi Émérence sikuwa na kitu kingine cha kuuza.

Munkoyo si jambo la ajabu. Ni uji wa mahindi unaopozwa, ukatiwa mizizi iliyopondwa, ukachachuka. Mama yangu, Élise, alinifundisha kuupika, na mkono wake ulisifiwa tangu alipokuwa Kambove. Mimi na mama Berthe tuliuza kwenye pembe moja, karibu na reli. Maji yetu yalitoka bomba moja, na unga wetu duka moja. Lakini munkoyo wangu uliharibika kabla ya saa sita, na wake ulikaa mtamu mpaka jua linazama. Kwangu walikuja nzi. Kwake watu walipanga mstari. Nilimwonea wivu mpaka nikawa namwota usiku, sioni haya kulisema.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Kwetu, anayekuuzia kinywaji hunywa funda la kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa kopo. Ni kukutoa wasiwasi wa sumu. Na mwaka ule wasiwasi ulikuwa mwingi, jirani alimchunguza jirani, kila mtu akiuliza mwenzake ametoka wapi na yuko upande gani. Mimi nilionja kila kopo, tena kwa mbwembwe, nikilamba na midomo. Watu walinitazama, wakashukuru, wakaenda kwa mama Berthe.

Yeye hakuonja hata siku moja. Alichota mtungini, akanyoosha kopo. Watu walilipokea na kunywa bila kuuliza.

Ningeweza kuishi na wivu wangu kama si shemeji yangu Philippe. Mume wangu, Urbain, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Philippe, mdogo wake, alikuwa ameniletea ujumbe kutoka Mwadingusha. Mvua ya kwanza ikinikuta bado nahangaika, atakuja kunichukua niwe mke wake wa tatu. Mimi peke yangu. Mama yangu hakutajwa. Mama alikuwa na miaka sitini na kitu, miguu imevimba, na duniani hakuwa na mtu mwingine ila mimi.

Kwa hiyo nilibisha.

"Odi, mama Berthe."

Sauti ndogo ilitoka ndani.

"Ni nani?"

"Ni minye, Émérence."

"Ingia mbio. Funga mulango."

Ndani palikuwa na giza, koroboi haijawashwa. Palinukia mizizi mibichi, udongo wenye maji, na chini yake harufu nyingine... kama sarafu ya shaba iliyokaa muda mrefu mkononi. Mama Berthe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mtungi kati ya miguu yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mjane kama mimi, mwenye tabia ya kutomtazama mtu usoni.

"Naomba mizizi, mama. Hata kidogo. Pori imefungwa."

Alichota kopo moja, likajaa mpaka ukingoni. Akainuka, akasogeza pazia la chumba cha nyuma kidogo tu, akaliweka kopo ndani, chini. Akarudi kukaa. Aliinua kidole kunionyesha nisiseme.

King'ora cha usine, kile cha kiwanda, kililia. Saa kumi na mbili. Nje watu walikimbia, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, halafu mtaa mzima ukanyamaza.

Ndipo nikasikia.

Gu...

Koo la mtu linameza. Polepole, kwa shida, kama mgonjwa.

Gu...

Nyumba ile nilijua ina mtu mmoja tu.

"Mama," nilinong'ona, "nani iko kule?"

"Casimir."

"Mwana wako Casimir iko Kambove. Anatumika ku mine."

"Bantu banasema vile."

Alinyoosha mkono nyuma ya pazia bila kutazama, akalitoa kopo. Lilikuwa limepungua kidole kimoja. Alimimina kilichobaki mtungini, akakoroga, akafunika.

"Émérence, kwako nani anaonjaka?"

"Minye mwenyewe."

"Njo sababu. Weye unaonja na woga. Unaogopa njala, unaogopa shemeji, unaogopa kufa. Bantu banaona ile woga mu kopo. Ya kwangu inaonjwa na ule haogopi tena kintu."

Nilitaka kucheka. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni Mkristo, nimebatizwa, mambo haya nayaachia wengine. Lakini nyuma ya pazia kuna mtu alivuta pumzi... na kicheko kikanikauka.

Mama Berthe aliingiza mkono chini ya kitanda, akatoa fungu la mizizi lililofungwa kwa uzi mweusi.

"Nakuhurumia, mwana. Kamata. Lakini sikia muzuri. Ule wa kwanza kuonja hii, yeye njo atakuonjeaka siku yote. Haiko njia ya kurudisha."

"Na Casimir, alijua?"

Aliuzungusha mtungi kati ya miguu yake.

"Alitoka ku kazi na kiu," alisema. "Sikumuambia."

Nilipita nyuma ya nyumba, nikiinama chini ya nyua, mizizi nimeikumbatia kifuani. Ilikuwa baridi. Mama alinifungulia, akashukuru Mungu kwamba majandarma hawakuniona, akaniuliza kama nimepata. Nilisema nimepata kidogo. Nikalitundika fungu kwenye msumari ulio juu ya jiko.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo ninapojihukumu kila siku. Msumari ule ulikuwa msumari wa mizizi. Tangu tuhamie nyumba ile, mzizi wowote uliotundikwa pale ulikuwa mzizi wa kupikia. Ningeweza kulitupa fungu lile chooni. Ningeweza kulifukia. Nilijiambia nitaamua kesho. Na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nyumbani kwetu mwenye kuonja munkoyo mpya, kabla haujaenda kuuzwa, ni mkubwa wa nyumba. Mama hakumwachia mtu mwingine kazi ile hata alipokuwa na homa.

Asubuhi niliamka mapema, kabla hajaamka, nikaenda kupanga mstari wa unga mjini. Sikumwambia kitu.

Mstari ulikuwa mrefu na jua lilikuwa kali. Kuanzia saa moja asubuhi nilisimama na gunia langu, nikifikiria fungu lile. Mara mbili niliondoka kwenye mstari nirudi nyumbani. Mara mbili nilirudi mstarini. Niliogopa kukosa unga, ndivyo nilivyojidanganya. Saa kumi na moja unga ukaisha, zikiwa zimebaki hatua tano nifike mlangoni.

Nilirudi mikono mitupu, jua likienda chini, vumbi jekundu mtaani. Nilipokaribia nyumba niliisikia harufu. Munkoyo. Mtamu, mpya, na chini yake shaba.

Nilikwenda mpaka mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao, kitambaa cha njano kichwani, mtungi mbele yake. Alikuwa ameupika asubuhi, nilipokwisha kuondoka, kwa unga wetu wa mwisho, aniondolee kazi, na joto la siku ile lilikuwa limeuchachua upesi. Uzi mweusi ulikuwa sakafuni, karibu na mguu wake uliovimba. Kopo lilikuwa mkononi, linapanda.

Alikuwa na desturi ya kufumba macho anapoonja. Kope zake zilianza kushuka.

Nilifungua kinywa.

Na katika pumzi ile moja nilimwona Philippe akishuka barabarani na baiskeli yake. Niliona mstari wa watu mbele ya meza yangu, mrefu mpaka relini. Niliona mtungi mtupu saa tisa mchana, na mimi ninacheka.

Nilikifunga kinywa.

Ni pumzi moja tu. Nimeipima mara nyingi tangu siku ile, na ni fupi kuliko kupiga chafya. Kisha nikasema, "Mama." Lakini alikuwa amekwisha kumeza.

Alifumbua macho, akanitazama.

"Iko tamu," alisema. "Iko tamu, mwana."

Akajiegemeza kitini, kopo bado mkononi. Nilimwita. Nilimshika mabega. Nililia mpaka majirani wakavuka ua wakati couvre-feu imekwisha kuanza, jambo ambalo hakuna aliyelifanya mwaka ule. Vidole vyake tulivibandua kwenye kopo kimoja kimoja.

Muuguzi alisema ni moyo, mwanamke wa umri ule, na joto lile. Labda alisema kweli. Padri alimzika. Nilimwona akishushwa, nilitupa udongo kwa mkono wangu. Kwenye kilio watu walikuwa wengi, na hapakuwa na kitu cha kuwapa isipokuwa mtungi ule. Nilikataa, lakini mke wa katekista, Adrienne, alikuwa amekwisha kuchota. Walikunywa. Walitazamana, wakaomba tena. Siku ya tatu ya kilio ulikuwa bado mtamu.

Mama Berthe alikuja pia. Aliingia, akanipa pole, akatafuta mahali pa kukaa. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Alikizunguka kwa upole, kama mtu asiyetaka kukanyaga miguu ya mwenye kukaa, akaketi chini sakafuni.

Biashara yangu ilishika kasi wiki ile. Sikuwa na haja ya kuonja tena. Jioni nilichota kopo la kwanza, nikaliweka mbele ya kiti, nikageuka ukutani. Nikisikia koo limemeza, nilimimina kilichobaki mtungini. Philippe alikuja na mvua, akaukuta mstari wa watu, akapiga makopo mawili, akarudi Mwadingusha bila kulitaja tena jambo lake. Vita vilikwisha, bendera zikabadilishwa, wauzaji kumi walifungua na kufunga kwenye pembe ile. Walikuwa na mizizi mizuri na mikono mizuri. Waliniuliza siri, nikawajibu ni usafi wa mtungi.

Safari moja nilimpata mtu wa Kambove, nikamuuliza kama anamjua Casimir wa mama Berthe. Alisema anamjua sana, wanafanya zamu moja. Nikamuuliza anafananaje. Alifikiri, akakuna kichwa, akasema kwamba kusema kweli hajawahi kumwona uso.

Sauti ilianza mwaka wa pili baada ya kifo cha mama. Jioni, baada ya kumeza.

"Émérence..."

Nilisimama nimeukabili ukuta.

"Émérence... uliniona?"

Nilijua anauliza nini. Nililichukua kopo, nikafunika mtungi. Jioni iliyofuata aliuliza tena, na iliyofuata, kwa upole ule ule aliokuwa akiniulizia kama nimekula. Niliweka misa. Nilimwita padri akanyunyiza maji chumbani. Nilijaribu kutouza wiki nzima, na wiki ile nilisikia koo kavu likihangaika kumeza pasipo kitu, mpaka nikakimbilia mtungi mwenyewe. Sikuweza kumwacha mama yangu na kiu.

Jana nilichoka. Mimi mwenyewe sasa nimeufikia umri wake, miguu imeanza kuvimba. Niliweka kopo, nikasubiri, akameza.

"Émérence... uliniona?"

"Hapana, mama," nilisema. "Sikukuona. Nilichelewa kufika."

Nilisikia kiti kikilia kidogo, kama mtu anageuka kukaa vizuri. Harufu ya shaba ilinijia karibu na shavu.

"Minye nilikuona," alisema. "Kabla ya kufunga macho. Ulifungua kinywa... na ukakifunga."

Nikangoja aseme jambo lingine, anilaani, anililie. Kopo lilisukumwa sakafuni, taratibu, mpaka likagusa kisigino changu. Nililichukua, nikamimina kilichobaki mtungini, nikafunika.

Leo asubuhi mstari ulifika relini.