Walinzi Wawili Ndani ya Kompyuta

Kila alasiri mambo yalikuwa yale yale. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mkoba wa shule ukatua popote ulipopenda, viatu vikaachwa kimoja huku kingine kule, na kabla mama hajamaliza kuuliza, "Umeshindaje?" binti alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta na sare yake mwilini. Nyumbani walimwita Chapuchapu. Jina hilo alilipata angali mdogo kabisa, kwa kuwa alikuwa mtoto wa kunywa chai ya moto, akaungua, akalia, kisha akainywa tena kabla haijapoa. Sasa alikuwa darasa la saba, na kungoja bado kulikuwa somo asilolipenda.

Kompyuta yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mama yake, mpiga picha, ambaye alikigeuza chumba cha mbele kuwa studio: pazia jeupe ukutani, taa za miguu mirefu, stuli ya wateja na kioo cha kujitazamia. Kompyuta ilikaa sebuleni, upande wa pili wa ukuta. Humo ndimo mama alimohifadhi picha za watu na kuzisafisha kabla ya kuzichapisha. Mapatano yao yalikuwa wazi: asubuhi na mchana ni zamu ya mama, alasiri ni zamu ya binti.

Wiki hiyo Chapuchapu alikuwa na kazi nzito. Chama cha sayansi cha shule kilimkabidhi jukumu la kutengeneza katuni fupi ya safari ya tone la maji, kutoka mawinguni hadi bombani. Ilitakiwa Ijumaa, na leo ilikuwa Alhamisi. Tone alikuwa amelichora vizuri, likapata macho na tabasamu. Lakini kila alipotaka kulisogeza, kompyuta iligoma. Kiduara kilizunguka katikati ya skrini. Kikazunguka. Chapuchapu akatikisa mguu, akang'ata kalamu, akainuka, akakaa, akakikodolea macho kile kiduara kana kwamba kingeona aibu.

"Mama! Kompyuta yako imekufa!"

"Haijafa. Vumilia," mama akajibu kutoka studio.

"Nimevumilia tangu Jumatatu!"

"Basi endelea hivyo hivyo, umeshazoea."

Mteja aliyekuwa studio akacheka. Chapuchapu hakucheka. Alikuwa anawaza maneno aliyoambiwa shuleni asubuhi ile na jirani yake wa dawati. Jirani huyo aliitwa Profesa, kwa sababu hakuna swali alilokubali limpite bila kulijibu, hata lile asilolijua.

"Antivirusi, ile programu ya kuzuia virusi, ndiyo inayoila kompyuta yenu," Profesa alikuwa amesema. "Kila unachogusa, inakikagua kwanza. Halafu kuna ukuta wa moto, ule unaokagua vinavyoingia na kutoka mtandaoni. Zima vyote, uone itakavyoruka." Kisha akampa flashi. "Humu kuna programu ya kumaliza katuni upesi. Ya bure."

"Umeitoa wapi?"

"Mtandaoni. Mbona unahoji kama mwalimu wa zamu?"

Chapuchapu akaipapasa flashi mfukoni. Akasikiliza. Mama alikuwa anamwambia mteja ainue kidevu. Basi akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta. Pembeni mwa skrini aliona alama mbili, moja ya ngao na nyingine ya mwavuli, zote za antivirusi. Hakujiuliza kwa nini ni mbili. Akazizima zote, kisha akauzima na ukuta wa moto. Kompyuta ikamwandikia kwa herufi nyekundu kwamba sasa haina kinga, je, ana uhakika? Alibonyeza ndiyo kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Na kweli, ikaruka! Kiduara kikatoweka. Tone likashuka kutoka wingu hadi mlimani, likaingia mtoni, likafika bombani likiwa na tabasamu lake. Chapuchapu alipiga makofi peke yake. Kazi ya siku nne ilikuwa inakwenda kama maji yenyewe. Angeishia hapo, pengine angelala salama. Lakini mtu wa haraka akipewa mwendo huongeza mbio. Akachomeka flashi, akabonyeza programu ya Profesa.

Hakikufunguka kitu. Akabonyeza tena. Kimya. Kisha feni ya kompyuta ikaanza kunguruma, na kwenye folda ambayo mama aliiacha wazi, picha moja ikageuka kuwa karatasi nyeupe tupu yenye jina la herufi zisizosomeka. Ikafuata ya pili. Ikafuata nyingine.

Ilikuwa folda ya harusi. Mama aliipiga harusi hiyo Jumamosi iliyopita, tangu asubuhi hadi miguu ikavimba, na kadi ya kamera alishaifuta ili aitumie kwa kazi nyingine. Picha za maharusi wale hazikuwa mahali pengine popote duniani. Zilikuwa pale, mbele ya macho ya Chapuchapu, zikiliwa moja baada ya nyingine.

Akabonyeza kufunga, haikufunga. Akabonyeza kila alichokiona, wapi! Jasho likamtoka mikononi, kipanya kikateleza.

"Vipi huko?" mama akauliza kutoka studio. "Mbona kompyuta inanguruma?"

"Salama!" Chapuchapu akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, na likisha kutoka likawa gumu kulirudisha. Akajiambia kwamba labda itakoma yenyewe. Akajiambia kwamba umeme huwa unakatika na kuharibu vitu, nani asiyejua? Angeweza kusema hivyo. Mteja alikuwa anauliza kama picha zitatoka leo, na mama alikuwa anamjibu kwa sauti ya furaha, sauti ya mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Weupe ukazidi kushuka chini ya skrini. Chapuchapu alisimama, akakaa, akashika mlango, akauachia. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na wakati anaogopa hivyo, picha hazikumngoja.

Kisha weupe ukafika kwa bibi harusi mwenyewe, uso wake umejaa kicheko. Hapo hakuweza tena kuficha.

"Mama! Mama, njoo! Nimeharibu! Picha zinaisha!"

Mama alitokea na kamera bado shingoni. Alitazama skrini mara moja tu. Aliinama chini ya meza, akachomoa waya wa umeme ukutani, na kompyuta ikanyamaza.

*

Mama mdogo, aliyepigiwa simu na mama, alifika kabla jua halijazama, akiwa bado na kitambulisho cha kazini kifuani. Alikuwa msimamizi wa kompyuta hospitalini, na kwa dada yake hakubisha hodi. Aliitoa diski iliyokuwa ndani ya kompyuta, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, kisha akamgeukia Chapuchapu.

"Nieleze ulichofanya. Usiruke hatua hata moja. Ukinificha kitu, nitatafuta ugonjwa usiokuwepo huku uliopo unaendelea."

Chapuchapu alikuwa amejiinamia, vidole vinasokota pindo la sare. Akaeleza: antivirusi, ukuta wa moto, flashi. Alipofika pale mama alipouliza "Vipi huko?" akasita. Alimtupia mama jicho, akaona mama anamtazama.

"Nilisema salama," akanong'ona. "Na haikuwa salama. Nilikuwa naona zinaisha."

Mama aligeuza uso akatazama dirishani. Hakufoka. Chapuchapu angependa afoke.

Kazi ya mama mdogo ilichukua muda mrefu, na kuingoja kulikuwa adhabu tosha. Chapuchapu alizunguka meza, akaenda jikoni, akarudi, akauliza, "Tayari?" akaambiwa akae, akakaa, akauliza tena. Hatimaye mama mdogo akajinyoosha mgongo.

"Kirusi chenyewe nimekiondoa. Kilikuwa kwenye ile programu ya flashi, na antivirusi ingekinasa pale pale mlangoni. Sasa, picha. Nyingi zimepona, kwa kuwa dada alichomoa umeme. Zilizogeuka nyeupe zimekwenda, sina uwezo nazo." Akamtazama mpwa wake. "Kama ungeita pale ilipoanza, tungepoteza chache tu."

Machozi yakamlengalenga Chapuchapu. Ila swali lilikuwa limemkaa rohoni, akaliuliza hata hivyo. "Lakini mama mdogo, nilipozizima, kompyuta ilikwenda mbio kweli. Si ina maana zinaiumiza?"

"Swali zuri. Subiri." Mama mdogo akatafuta kwenye mashine yake, kisha akaangua kicheko. "Dada! Nani aliweka antivirusi mbili humu?"

"Mimi," mama akasema, akijihami. "Niliona moja haitoshi. Picha za watu hizi! Nikasema walinzi wawili watalinda vizuri zaidi."

"Walinzi wako wanakaguana wenyewe kwa wenyewe! Huyu akifungua faili kuitazama, mwenzake anashtuka, 'Nani kafungua?' naye anaifungua. Wa kwanza naye anashtuka tena. Kazi wanayofanya ni kuviziana. Na juu ya hayo umewapangia ukaguzi mkubwa wa kompyuta nzima kila alasiri, saa ile ile mtoto anayoketi."

Mama akashika shavu. "Nilichagua alasiri kwa sababu mimi situmii."

"Sasa nikujibu wewe," mama mdogo akamwambia Chapuchapu. "Mlinzi mmoja anakula nguvu kidogo ya kompyuta. Kidogo tu, hata huoni. Ukuta wa moto ndio kabisa, huu uliokuja na kompyuta huwezi kuuhisi. Kilichoilemea ni wawili kwa pamoja na saa mbaya ya ukaguzi. Dawa ilikuwa kumwondoa mmoja na kubadilisha saa. Wewe ukawafukuza wote ukaacha mlango wazi."

Akairudisha diski ndani ya kompyuta, akamwondoa wa mwavuli, akambakiza wa ngao, akauwasha ukuta wa moto, na ukaguzi akauhamishia wakati wa chakula cha jioni, ambapo hakuna mtu anayegusa kompyuta. Mwisho akamwagiza dada yake anunue diski ya akiba, anakili picha kila siku, kisha aichomoe na kuifungia kabatini. Chapuchapu akaambiwa ajaribu. Tone likashuka kutoka wingu hadi bombani bila kukwama, tena mlinzi akiwa kazini. Safari hii hakupiga makofi.

Ijumaa alimwambia Profesa habari yote, na Profesa, kwa mara ya kwanza, akakiri kwamba hakujua alichokuwa anakisema. Mwalimu wa sayansi alimwongezea muda wa kumaliza katuni. Lakini hayo yalikuwa mambo madogo. Kubwa lilikuwa la Jumamosi.

*

"Nitasema mwenyewe," alimwambia mama yake mlangoni kwa bibi harusi.

Akasema. Alisema akiwa amesimama katikati ya sebule ya watu, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na lile neno "salama". Bibi harusi alipokea picha zilizopona, akazipitia upesi upesi, kisha taratibu, kisha akarudia tena mwanzo.

"Ile ya baba haipo," akasema. "Aliponikabidhi, akafuta machozi kwa kiganja. Nilimwona mama yako anaipiga. Baba yangu hajawahi kulia mbele yangu."

Mama akatikisa kichwa. "Haipo. Niwie radhi."

Mzee aliyekuwa amekaa pembeni, baba yake, akakohoa. "Jamani, mnatafuta machozi yangu? Niketisheni, nipigeni nyingine."

Wakamketisha karibu na dirisha, binti yake akakaa pembeni yake na shela juu ya nguo za nyumbani. Mama akainua kamera. Mzee akakunja uso, akakaza, akajaribu kwa bidii yake yote. "Hayaji kwa amri haya," akasema, akacheka, na bibi harusi naye akacheka, na kamera ikalia.

Njiani kurudi nyumbani, Chapuchapu alitembea karibu na mama yake bila kumtangulia. "Imetoka nzuri, mama. Si itatosha?"

"Ni picha nzuri," mama akasema. "Lakini siyo ile."

Wakatembea mpaka kona ya mtaa wao. Hapo mama akasimama.

"Nisikilize. Ulilalamika wiki nzima kwamba kompyuta ni nzito, nami nikakwambia uvumilie badala ya kuja kutazama. Hilo ni kosa langu, silikimbii. Kuwazima walinzi bila kuniuliza ni kosa lako, na kutumia programu usiyojua ilikotoka ni kosa lako. Hayo yote yanatokea, na tunayarekebisha. Lakini nilipokuuliza vipi huko, walinzi wa kompyuta ulikuwa umeshawazima. Aliyebaki kuilinda kazi yangu ni wewe peke yako. Nami nilipokuuliza, ukaniambia salama."

Chapuchapu alitazama chini. Maneno mengi yalimjia, akayaacha yapite.

"Siku nyingine nitasema, mama," akajibu mwishowe. "Nitasema hapo hapo."

Mama akamshika mkono, wakavuka barabara.