Kaptula Ilipoanza Kumpwaya Mtoto

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea kwenye chumba hicho hicho tunacholala. Ninaandika haya ili mama mwingine asifanye kosa nililofanya mimi.

Mwanangu alikuwa na miezi minane. Baba yake, fundi baiskeli, alimwita Kibogoyo kwa sababu hakuwa na jino hata moja. Mwezi huo mate yakaanza kumtiririka na fizi zikavimba. Alitafuna kila kitu, hata tepu yangu ya kupimia. Chakula tu ndicho alichokataa. Nikileta kijiko, anafunga mdomo kama mlango wa benki.

"Ni meno hayo," alisema mama mkwe. "Yakitoka atakula. Baba yake alikuwa hivyo hivyo."

"Na mpaka leo anafidia," nikasema.

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa hoi. Nguo za watu zimerundikana, mtoto yuko mgongoni, mguu uko kwenye pedali. Kumlisha vijiko viwili kulichukua muda wa kushona mfuko mzima. Basi nikatafuta njia ya mkato. Niliuzimua uji kwa maji mpaka ukawa mwepesi kabisa. Nikautia kwenye chupa. Kisha nikachukua sindano, nikalipanua tundu la chuchu ya chupa. Uji ukawa unashuka wenyewe. Nikaona nimeula.

Baada ya wiki moja, kaptula yake ikaanza kushuka. Nikasema lastiki imelegea. Nikaifumua, nikaikaza. Siku chache baadaye ikashuka tena. Nikaikaza mara ya pili, huku namlaumu muuza lastiki.

Asubuhi moja akaja jirani yetu wa nyumba ya nyuma. Yeye ni muuguzi, na alikuwa amefuata sare yake ya kazi. Akambeba mtoto. Macho yake yakaganda kwenye ile mishono ya kiunoni.

"Hii umeikaza mara ngapi?"

"Mara mbili. Lastiki za siku hizi ni bure kabisa."

Akaivuta, akaiachia. Ikarudi pap!

"Lastiki ni nzima, dada. Aliyepungua ni mtoto."

Nikaitazama ile mishono yangu. Kutwa nzima napima viuno vya watu, cha mwanangu sikukiona.

"Lakini anashiba! Chupa nzima anaimaliza!"

"Hebu mimina nione."

Nikamimina uji kwenye bakuli. Ulitiririka kama maji ya kuoshea mchele.

"Unamshibisha maji," alisema, akiikagua chuchu ya chupa. "Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Na tundu hilo ulilolipanua lingeweza kumfanya apaliwe."

Mama mkwe akaingilia. "Sisi tuliambiwa ni meno, na watoto wetu wakakua."

"Mama, hujakosea sana. Meno hupunguza hamu ya kula, lakini kwa siku chache tu. Hayamkondeshi mtoto hivi. Na homa kali au kuharisha, msiyasingizie meno. Mkiona hayo, au akikataa kunyonya, au akilegea, njooni kliniki siku hiyo hiyo."

"Sasa nimpe nini?" nikauliza.

"Mnyonyeshe kila anapotaka. Uji uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka. Tia karanga zilizosagwa laini, au mafuta kidogo. Uache upoe, maana wa moto unamuuma fizi. Tumia kikombe na kijiko. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Kabla ya kula, mpe kitambaa safi chenye ubaridi atafune. Kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa."

"Na akikataa?"

"Pumzikeni wote wawili. Usimbane pua ili ameze. Jaribu tena baadaye."

Kesho yake tulikwenda kliniki. Kweli, uzito ulikuwa umeshuka. Walimpima, hawakuona ugonjwa wowote. Tulirudi nyumbani, mimi na mama mkwe. Kila mmoja alikuwa anajilaumu.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku ya kwanza alikula vijiko vinne. Siku ya pili alitema uji kwenye gauni la mteja, nikakaa chini nikalia. Mama mkwe akanipokonya bakuli. "Wewe shona. Asubuhi ni zamu yangu." Mchana zamu akachukua baba mtu, na mikono yake ya grisi.

"Nawa!" mama mkwe akamfokea.

"Nimenawa mara mbili, mama."

"Nawa ya tatu!"

Baada ya wiki mbili tulirudi kliniki. Uzito ulikuwa umepanda. Mama, mtoto wako asipokula, usiseme ni meno ukaishia hapo. Mpeleke apimwe.

Jioni ile nilikuwa nashona, mgongo unaniuma, macho mazito. Mtoto akaangua kilio. Nikageuka kwa hofu. Alikuwa amekaa mkekani, ameunyooshea mkono uji uliokuwa unapoa mezani. Alikuwa analia njaa. Nikaacha nguo ya watu katikati ya mshono, nikaenda kunawa mikono.