Bega la Eliseo

Soko la mji wa Tainan lilikuwa limefurika asubuhi ile, na Pei-ling alikuwa akichota uji wa samaki kibandani kwake, jasho likimtiririka chini ya kitambaa chake cha maua, pale mwanamume mrefu mweusi mwenye fulana ya timu ya mji alipoketi kwenye kigoda, magoti yakagonga meza. Kwa Kichina cha kuokoteza akaomba samaki asiye na kichwa, maana hapendi kutazamwa akila.

"Basi fumba macho wewe," alisema Pei-ling.

Kesho yake akarudi. Aliitwa Eliseo, mrusha mpira wa besiboli kutoka Jamhuri ya Dominika. Alikuwa amerusha Meksiko, Italia na Korea, na kila mahali ilikuwa vilevile: msimu mmoja, pengine nusu, kisha tiketi ya ndege. Kabla joto halijapamba moto walikuwa wapenzi. Pei-ling akishafunga kibanda, alikuwa akivaa gauni lake la buluu na kumpakia kwenye skuta hadi Anping, pwani, kula chaza, watoto wakiwacheka kwa jinsi miguu ya yule bwana ilivyoburuzika chini.

Siku moja wakiwa huko Eliseo akamuuliza, "Timu ikiniacha, bado utanipikia?"

"Mwanamume asiye na kazi wa nini?" alijibu huku akimchambulia chaza. "Uji wangu haulishi wavivu."

Wakacheka wote wawili. Ila Eliseo aliondoka na neno lile moyoni.

Bega lilikuwa limeanza kumuuma. Pei-ling alimwona akivaa shati kwa shida, akamsihi amwambie kocha. Akajibu kwamba mgeni akitamka neno maumivu tu, mwenzake ameshapanda ndege kuja kushika nafasi yake. Kisha akaacha kuja kibandani. Simu zikawa fupi, halafu zikakatika. Pei-ling akadhani amechokwa, au kuna mwanamke mwingine, naye kwa kiburi chake hakuuliza. Kumbe asubuhi zote hizo Eliseo alikuwa ng'ambo ya mji kwa mzee mmoja wa kukanda mifupa, akiuma taulo kwa maumivu.

Pei-ling alimwona tena kwenye televisheni ya muuza nyama wa jirani. Eliseo alirusha, mpira ukaanguka njiani, naye akapiga magoti akiwa ameushika mkono wake kama mtu aliyebeba mtoto. Wiki haikuisha timu ikamwacha.

Pei-ling alimkuta akifunga sanduku kwa mkono mmoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema humtaki mwanamume asiye na kazi."

"Nilikuwa nakutania, Eliseo."

"Sasa najua."

"Basi baki. Kibanda kipo, chumba kipo. Utaosha bakuli kwa mkono wa kushoto."

Eliseo alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. "Nimerusha mpira tangu utotoni, mpenzi. Nikikaa hapa na bakuli, iko siku nitakutazama na kukumbuka ni kwa ajili ya nani nililiua bega hili. Sitaki siku hiyo inikute hapa."

Pei-ling alibishana naye, akalia, akakumbatiwa kwa mkono mmoja. Jioni treni ikamchukua Eliseo.

Akawa anapiga simu kila siku kutoka kwao, halafu kila wiki. Majira ya baridi akapiga akihema kwa furaha: amepasuliwa, mkono unarudi, na timu ndogo huko Nikaragua imemkubali.

"Utakuja?" akauliza.

"Kwa msimu mmoja?"

"Pengine nusu."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke.

"Umeshakula?" Pei-ling akauliza kicheko kilipoisha, kama watu wa kwao wanavyojuliana hali.

"Nimekula."

"Haya. Linda bega lako."

Mvua za masika ziliporudi, muuza nyama alimuuliza kama yule mgeni bado humpigia. Pei-ling akajibu kwamba hapigi tena. Asubuhi hiyohiyo, saa ambayo Eliseo huwa anapiga, simu ilikuwa imeita ndani ya aproni yake, naye akaiacha iite, mikono yote miwili ikiwa ndani ya maji ya kuoshea samaki, mpaka ikanyamaza.