Kadi Mbili za Mama Twalib

Asubuhi ile Naima alikuwa kwenye zahanati moja ya Temeke, akiangalia programu ya kumbukumbu za wagonjwa aliyoitengeneza mwenyewe ikifanya kazi. Muuguzi Gregori aliandika jina la mgonjwa: Mwanakombo Sadallah. Alikuwa na kidonda mguuni na homa kali. Alipoulizwa kama kuna dawa inayomdhuru, mama wa watu aliguna tu.

"Kompyuta haina onyo," alisema Gregori, akivuta dawa kwenye bomba la sindano. "Tunampa penisilini."

Jirani aliyemleta akamshika mgonjwa mkono. "Jikaze, Mama Twalib."

Naima alishtuka. Mama Twalib? Aliandika jina hilo kwenye kompyuta. Kadi nyingine ikafunguka: Penisilini ilimvimbisha koo. Asipewe kabisa.

"Kaka Gregori, usimchome!"

Gregori alirudisha mkono. Naima alikaa chini. Nusura aue mtu, na sindano hakuishika yeye.

Mchana alimkimbilia jirani yake, Tupokigwe, mtaalamu wa kanzidata, yaani ghala ambamo programu hutunza taarifa.

"Shikamoo dada. Mie naogopa. Kazi hii siitaki tena."

"Marahaba," alisema Tupokigwe, akamsikiliza hadi mwisho. "Ulichagua kanzidata gani?"

"Isiyo ya uhusiano. Kila jina lina kadi yake, muuguzi anaandika anavyotaka. Niliona rahisi."

"Hiyo inafaa kwa vitu visivyofanana umbo, kama picha na maoni ya watu. Lakini huku kwetu mwanamke leo ni Mwanakombo, kesho Mama Twalib. Kadi zake nani anaziunganisha?"

"Hakuna."

"Basi tumia kanzidata ya uhusiano. Jedwali la wagonjwa, kila mmoja na namba yake. Jedwali la ziara zao za zahanati. Jedwali la dawa zinazowadhuru. Yote yanashikana kwa namba ile ile. Ziara isiyo na namba ya mgonjwa, kanzidata inaikataa."

Naima alijenga upya. Yeye na Gregori walipitia kadi moja moja, wakiwauliza wagonjwa wenyewe. Watu kumi na mmoja walikuwa na kadi mbili mbili. Kila alipompata mmoja, aliziunganisha kadi zake chini ya namba moja na kumpa kadi ya karatasi yenye namba hiyo.

Miezi ikapita. Mwanakombo akarudi, mjukuu wake Raudha mgongoni.

"Mama Twalib, karibu," alisema Gregori.

"Siku hizi naitwa Bibi Raudha!" alijibu kwa maringo, akatoa kadi yenye namba yake.

Gregori aliandika namba. Onyo jekundu likatokea kwenye kioo: Penisilini asipewe.

Ndipo Naima, aliyekuwa akitazama kando yake, akashusha pumzi.