Kikohozi cha Murjan na Pafu la Jawahir

Kila asubuhi Murjan aliizunguka ploti yake ya nyumba za kupanga huko Makina, Kibera, jijini Nairobi, akikagua bomba la maji na kutaniana na wapangaji. Alipenda kucheka. Lakini mwaka huo wa 1997, kila akicheka, kikohozi kilimkatiza.

"Ni vumbi tu," alimwambia mkewe, Saadia.

"Vumbi la wiki tano?" Saadia aliuliza. "Na huo mshipi unaoutoboa tundu jipya kila siku kwa kukonda?"

Murjan alichovya brashi. Alikuwa akipaka rangi chumba cha dada yake, Jawahir, aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Mapafu ya Jawahir yaliharibika akiwa huko. Madaktari wakamwekea pafu la mtu aliyefariki, naye akapona.

Siku hiyo mpangaji mmoja, Nalianya, alisimama mlangoni. Mama huyo alifanya kazi katika kliniki ya kifua kule Kawangware.

"Mzee, umepimwa makohozi?"

"Mimi si mgonjwa."

"Jawahir humeza dawa kila siku ili mwili wake usilikatae lile pafu. Dawa hizo hupunguza nguvu za mwili kupigana na magonjwa. Kama una TB, ukikohoa tu karibu naye anaweza kuivuta. Itamshika vibaya kuliko mimi na wewe. Anaweza kulipoteza pafu, hata maisha."

Murjan aliitupa brashi chini. "Ati nitamuua dada yangu? Unaniambia hivyo katika ploti yangu? Tafuta nyumba kwingine!"

"Nitahama," Nalianya alisema taratibu. "Lakini kapimwe kwanza."

Mchana huo aliiokota brashi. Murjan alikumbuka sauti ya Jawahir kwenye simu: "Kaka, siku hizi napanda ngazi bila kupumzika."

Kesho yake alikwenda Kawangware, mbali na macho ya watu wa Makina. Akatoa makohozi. Majibu yalipotoka, yalikuwa TB.

"Inatibika kabisa," Nalianya alimwambia. "Miezi minane, bila kuruka hata siku moja. Usiache dawa eti kwa sababu umepata nafuu."

"Na Jawahir? Anafika Ijumaa!"

"Asikae nawe mpaka makohozi yako yawe safi. Na Saadia aje apimwe."

Saadia alikutwa hana ugonjwa. Kumpigia Jawahir simu ndiko kulikokuwa kugumu.

"Dada, nina TB," Murjan alisema.

Jawahir akasema, "Asante kwa kuniambia, kaka. Wengine wangenyamaza."

Jawahir alifikia mtaa wa Kawangware 46, nyumbani kwa dada wa Saadia. Daktari wa kliniki ya Nalianya alimpima kifua, akamkuta salama. Hata hivyo alimwandikia dawa ya kuzuia TB.

"Vijidudu hivi huweza kulala mwilini miaka mingi," alimweleza, "vikaamka mwili ukilegea. Lakini usimeze dawa yoyote ya TB bila sisi kujua. Nyingine huzipunguza nguvu dawa zinazolinda pafu lako."

Daktari akawaandikia wenzake wa Uingereza, wakakubaliana.

Murjan alimeza dawa zake kila siku. Zilimchafua tumbo, mkojo ukawa mwekundu, naye hakuacha. Baada ya miezi miwili makohozi yalipimwa tena. Yalikuwa safi. Jumamosi hiyo Jawahir aliingia Makina na masanduku yake, na kaka mtu akamkumbatia huku analia mbele ya wapangaji wote.

Nalianya naye, aliyekuwa akitafuta nyumba tangu siku ile, alikuwa amefunga vitu vyake. Murjan alimzuia mlangoni.

"Nilikosea, mama. Chumba ni chako. Na yule jirani wa chumba cha mwisho amekohoa wiki tatu. Kesho nampeleka kwenu mimi mwenyewe."

Mwezi wa nane wa matibabu ulipoisha, Murjan alimeza vidonge vya mwisho uani, watu wakimtazama. Jawahir alivuta pumzi, akapiga kigelegele. Kikapita juu ya mabati, kikaenda, kikaenda, hata wanawake wa ploti ya pili wakatoka kutazama ni harusi ya nani.