Roda ya Chini

Kila akitoka shule, binti yule alivua sare na kukimbilia kazini kwa mama yake, mchimba visima. Mama alichimba chini, yeye akivuta juu ndoo za udongo. Kamba ilipita kwenye roda mbili, yale magurudumu madogo yenye mfereji: moja juu kwenye boriti, nyingine ikishuka na kupanda pamoja na mzigo.

Lo, kazi ile ilimchosha! Ili ndoo ipande hatua moja, sharti avute kamba hatua mbili. Na wenzake walikuwa wakimsubiri wakacheze. Siku hiyo akajifanya mjanja: akaitoa roda ya chini kimyakimya, akaifunga ndoo moja kwa moja kwenye kamba. Ilikuwa nzito zaidi, ila ilipanda upesi.

Mara mama akapiga kelele.

"Maji! Yamepasua ukuta! Nivute, mwanangu!"

Taa ya mama kule chini ilikuwa imezimika. Mama akapapasa kamba gizani, akajifunga kiunoni. Binti akavuta. Wapi! Akaning'inia kwa uzito wake wote, viganja vikachubuka, mama asipande hata shubiri. Akaita majirani mpaka sauti ikamkauka. Hakutokea mtu.

"Vuta! Maji yako kifuani!"

"Navuta, mama! Huji!"

"Mbona siku zote ukinivuta nakuja?"

Binti aliona aibu, lakini hofu ikaishinda.

"Niliitoa roda ya chini, mama. Nisamehe! Fungua kamba, niirudishe roda."

Mama aiachie kamba, na maji yanapanda!

"Haya," mama akasema. "Usikosee."

Binti akaivuta kamba juu, akaipitisha kwenye roda ya chini, akaifunga ncha yake kwenye boriti, huku akilia kwa sauti. Kisha akaishusha roda na kulabu yake. Mama akajishikiza. Binti akaegemea nyuma, akavuta, akavuta tena. Polepole mno, kichwa cha mama kikatokea.

Walilala matopeni wakihema.

"Roda ile huifanya boriti ibebe nusu ya uzito wangu," mama akasema. "Bei yake ni kamba ndefu, nawe ulikataa kuilipa."

"Nipige tu, mama."

"Nikupige? Ungenificha, ningeing'ang'ania kamba ile mpaka maji yanifunike. Uvivu wako ulinifungia kisimani, mwanangu. Ukweli wako ndio ulionitoa."

Binti akamkumbatia, matope na yote, asimwachie.